TAHADHARI: Anayepangisha nyumba ya mapumziko Hoedspruit ni tapeli

Ndugu zangu mnaoishi Johannesburg na Pretoria, na ninyi mnaotarajia wageni kutoka nyumbani mwezi Desemba, nawaomba msimtumie hata senti moja mtu anayetangaza nyumba ya mapumziko mjini Hoedspruit, jimbo la Limpopo, yenye paa la nyasi, vyumba vitatu vya kulala na beseni la kuogea lililowekwa nje chini ya mng'ongo. Nyumba hiyo si yake na hajawahi kuwa na ufunguo wake. Fedha zetu amezila, mama yangu ameachwa getini usiku na baridi ya Juni, na hadi ninapoandika maneno haya tangazo bado lipo na watu wanaendelea kuuliza bei.

Juni nilimpeleka mama yangu, mzee aliyekuja kutoka nyumbani Tanzania, kutembelea mbuga ya wanyama ya Kruger, na safari ile haikuweza kuahirishwa. Ninachotaka kieleweke ni jinsi tulivyofikia kumwamini, kwa sababu nimeshasikia maneno ya chinichini kwamba eti tulikurupuka. Hatukukurupuka. Wakati wa likizo ya shule ya Juni na Julai, kambi zilizo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Kruger hujaa mapema mno; Satara hapakuwa na nafasi, Skukuza hapakuwa na nafasi, na Orpen ni kambi ndogo ambayo hujaa kabla ya hizo nyingine. Kukaa Hoedspruit ulikuwa uamuzi wa busara kabisa na bado naupendekeza: ni mji mdogo wa nyikani wenye maduka, vituo vya mafuta na duka la dawa, milima ya Drakensberg inaonekana upande wa magharibi, lango la Orpen la kuingilia Kruger liko umbali wa takribani kilomita 70, na korongo la mto Blyde liko karibu kwa siku ambayo mzee hataki kuamshwa alfajiri kwenda kutazama simba.

Nilipomwandikia yule mwanamke anayetangaza nyumba hiyo, hakuanza na bei. Aliuliza tuko wangapi, kama kuna mtoto mdogo, na kama kuna mtu asiyeweza kupanda ngazi, kisha akasema kwamba mama atapewa chumba cha chini chenye choo chake ndani. Alinitumia ujumbe wa sauti akinieleza njia: tutoke na barabara ya N4, tupite Dullstroom na Lydenburg, tushuke mlima wa Abel Erasmus hadi kwenye handaki la Strijdom, na tusithubutu kuendesha giza likishaingia, kwa kuwa ng'ombe na tandala huvuka barabara bila taarifa. Alinikumbusha kuwa eneo lile lina malaria, kwamba hatari hupungua majira ya baridi lakini mama amwone daktari kuhusu dawa za kinga. Alisema tusiache madirisha ya jikoni wazi kwa sababu ya tumbili na nyani. Aliniambia hata kwamba Mtanzania akibeba pasipoti hutozwa kiingilio cha hifadhi kwa kiwango cha raia wa SADC, ambacho ni cha chini kuliko cha wageni wengine, jambo ambalo wengi wetu tulioishi nchi hii miaka mingi hatulijui. Kila alichosema nilikihakiki na kilikuwa kweli. Ni nani kati yenu angedhani kwamba mtu mwenye ukweli mwingi hivyo amebakiza uongo mmoja tu, nao ni nyumba yenyewe?

Bei ilikuwa randi 1,600 kwa usiku. Nililipa nusu, nikapokea ankara yenye nembo. Baada ya hapo akaomba randi 1,500 za dhamana ya vitu vitakavyovunjika, zirudishwe siku ya kuondoka, na hilo pia si geni kwa yeyote aliyewahi kupanga nyumba za namna hii. Asubuhi ya safari akanitakia heri, akaomba salio lililobaki ili, kwa maneno yake, mfanyakazi awashe majiko na kupasha maji kabla hatujafika. Nikalipa tukiwa tumesimama kuweka mafuta. Dakika chache baadaye akanitumia namba ya siri ya kuingilia getini.

Tulifika getini jua likiwa limeshazama, maana Juni kule giza huingia mapema. Eneo lile la makazi limezungushiwa uzio na ndani yake swala na ngiri hutembea kati ya nyumba, kwa hiyo mtu haingii ovyo. Mlinzi alikuja na kifaa chake, akakipitisha kwenye stika ya kioo cha mbele, akapiga picha ya leseni yangu, kisha akaniomba namba. Nikamsomea. Akaiingiza, kifaa kikalia, akaniomba niisome tena polepole. Nikamsomea tarakimu moja moja huku nyuma yangu magari mawili yakisubiri na mwanangu akiuliza kama tumefika. Kifaa kikalia vilevile. Akaniuliza namba ya kiwanja, nikamtajia, akainama dirishani akanitazama kwa huruma ambayo sitaisahau, akasema kwamba kiwanja hicho hakijajengwa, ni kichaka kitupu. Nikampigia yule mwanamke. Simu iliita mara moja ikakatwa. Nilipopiga tena haikuita kabisa, na picha yake ikawa imetoweka kwenye simu yangu. Nilimwonyesha mlinzi picha za nyumba, akasema nyumba ya aina hiyo hajawahi kuiona ndani ya uzio ule. Mama alikuwa amevaa kanga juu ya sweta, ameshikilia mfuko wake wa dawa mapajani, na mimi mtoto wake niliyempokea uwanja wa ndege kwa mbwembwe nilikuwa nimesimama nje nikibembeleza mlinzi mbele ya watu. Aibu ile siwezi kuipima kwa randi.

Mlinzi yule, Mungu ambariki, alimwita mama "Koko", yaani bibi kwa Kisepedi, akamletea kiti na chai, akapiga simu hadi tukapata nyumba ya wageni mjini kwa bei ya juu zaidi. Tulilala.

Sasa dalili, kwa wale mtakaokutana naye au na wenzake. Akaunti ilikuwa kwa jina la mtu mwingine, akasema ni mhasibu wake. Alitaka fedha zihamishwe papo hapo, na benki ikaniambia kwamba malipo ya namna hiyo yakishapita hayarudishwi bila ridhaa ya aliyepokea. Alikwepa kila mara nilipoomba simu ya video. Picha alizodai amezipiga wiki ileile zilikuwa na nyasi za kijani kibichi, ilhali Juni nyika ile imekauka na miti mingi imepukutisha majani. Ofisi ya eneo la makazi hutambua viwanja vinavyoruhusiwa kupangishwa, basi pigeni simu huko kwanza, kwa namba mliyoitafuta wenyewe na si aliyowapa yeye.

Jina lililo kwenye kitambulisho alichonitumia silitaji, kwa kuwa afisa wa polisi aliniambia huenda nalo limeibwa kwa mtu asiye na hatia. Lakini yeye mwenyewe atafutwe, akamatwe na afungwe. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Afrika Kusini, namba 19 ya mwaka 2020, inautaja udanganyifu wa mtandaoni kuwa kosa la jinai, na sioni kwa nini itumike kwa wezi wa mamilioni pekee wakati huyu anamwuliza mtu kama mama yake anaweza kupanda ngazi ili ajue namna bora ya kumwibia. Anayempa akaunti ya kupokelea afungwe pamoja naye. Nataka arudishe kila senti na asimame mbele ya hakimu mama akiwa amekaa pale anamtazama.

Nimefungua jalada na nina namba ya kesi. Yeyote aliyemlipa mtu huyu, hata kama ni dhamana tu, na hata kama amekaa kimya kwa kuona haya, aniandikie faraghani anipe tarehe ya malipo, risiti ya benki na namba ya akaunti aliyopewa, ili nivipeleke kwa mpelelezi viunganishwe kwenye jalada moja.