Kitalu cha Miche cha Lanet na Benchi Lake

Kitalu hiki kiko upande wa Lanet, Nakuru, mwendo mfupi kutoka barabara kuu ya kuelekea Nairobi, na kibao chake cha bati kimeandikwa kwa rangi ya kijani MICHE AINA ZOTE, bila jina la mwenyewe wala nambari ya simu. Wateja humwita mwenye kitalu Mama Miche, naye huitikia. Nilianza kununua kwake Machi 2022, miezi michache baada ya Nakuru kupewa hadhi ya jiji, wakati majirani zangu walipokuwa wakigawa mashamba yao vipande vipande na kuviuza, nami nikaapa kwamba robo ekari yangu haitauzwa bali itapandwa. Miche yake ni mizuri, na nitaeleza uzuri wake pamoja na hitilafu zake, lakini nitakuwa mwongo nikisema kwamba miche ndiyo inayonirudisha huko kila Jumamosi.

Kinachonirudisha ni benchi. Ni ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya mawe mawili chini ya mlokwati, na kufikia saa nne asubuhi huwa umekaliwa na watu watatu: Mwalimu, aliyestaafu kufundisha hesabu, Afande, aliyestaafu polisi lakini bado hajastaafu kutoa amri, na Shemeji, ambaye mkewe anatoka kijiji kimoja na Mama Miche, hivyo sisi sote tumejitwalia haki ya kumwita hivyo. Wote watatu ni wakulima wa nyuma ya nyumba kama mimi. Mteja akifika na kuuliza bei, hajibiwi bei kwanza. Anaulizwa shamba liko wapi, udongo wake ukoje, na nani atakayemwagilia maji yeye akisafiri. Akijibu vibaya, benchi zima linamcheka, kisha linasogea apate nafasi ya kuketi.

Sifa kubwa ya Mama Miche ni kwamba hukataa kuuza. Nimeshuhudia kwa macho yangu Shemeji, mzaliwa wa Mumias, akimsihi amtafutie mche wa mwembe wa kupanda kwake Bahati, karibu na Nakuru, naye akimkatalia huku akiendelea kujaza udongo kwenye pakiti tupu za maziwa. "Shemeji, kwenu Mumias ni kama mita 1,300 kutoka usawa wa bahari, na hapa mjini ni 1,850. Embe hupenda chini ya mita 1,500. Nikikuuzia utakua, utakupa kivuli, na kila ukitoa maua, baridi na ubwiri unga vitayamaliza. Halafu utakuja hapa kunidai maembe." Afande akasema auziwe tu, apate mahali pa kuanikia nguo. Mwalimu akaongeza kwamba Shemeji hana subira ya mti, kwa sababu alilelewa na mmea unaoliwa ungali barabarani.

Hapo ndipo tuliposimuliwa habari ya miwa. Enzi za utoto wake, trekta zilizovuta miwa kwenda kiwandani zilipunguza mwendo kwenye mteremko karibu na shule yao, na watoto walikimbia nyuma wakichomoa bua moja moja. Siku moja alishika bua lililokuwa limebanwa katikati ya mengine, akakataa kuliachia, akaburutwa hadi kaptura yake ikararuka upande wa nyuma. Nyumbani alisema amefukuzwa na mbwa. Mama yake alimvuta karibu, akamnusa viganja, akamwuliza ni mbwa gani huyo anayenukia sukari. Shemeji ana wajukuu sasa, lakini alipofika kwenye neno "sukari" alijishika nyuma ya suruali kana kwamba upepo bado unapita.

Mwalimu hakukubali kupitwa. Yeye ni mtoto wa Molo, ambako baridi ya alfajiri inafanya vidole visahau kazi yake, na alichuma pareto kabla ya kwenda darasani, kikapu kimefungwa kiunoni, ili maua yakaushwe na kupelekwa kiwandani hapa Nakuru. Anadai kwamba katika miaka yote ya shule ya msingi hakuwahi kuumwa na kiroboto, kwa kuwa sare yake ilijaa vumbi la ua lile linaloua wadudu, na kwamba wenzake waligombea kuketi naye dawati moja. Afande alimwuliza kama ndiyo sababu hata leo nyuki hawatembelei maboga yake. Afande mwenyewe alikulia karibu na Ahero, ambako kazi ya watoto msimu wa mpunga ilikuwa kufukuza ndege tangu jua lichomoze hadi lizame, kwa debe, kombeo na koo. "Pale ndipo nilipofunzwa kupaza sauti," alisema. "Chuo cha polisi kiliniongezea sare tu."

Nami nilisimulia yangu. Nililelewa katika nyumba za reli hapa Nakuru, ambako shamba letu lilikuwa mkebe mmoja wa Kimbo dirishani, na ndani yake dhania ya mama. Niliambiwa niimwagilie kila jioni, nami kwa uvivu wa kwenda bombani nikaimwagilia mabaki ya chai. Chai yetu ilikuwa na sukari nyingi. Kufikia Ijumaa, sisimizi walikuwa wamepanga foleni kutoka dirishani hadi kwenye kitanda cha baba.

Nirudi kwenye bidhaa. Miparachichi yake imepandikizwa vizuri, kovu la mahali vipande viwili vilipounganishwa limeunga sawasawa na halina ufa, na miti miwili niliyonunua mwaka ule wa kwanza ilianza kuzaa katika mwaka wa tatu, ilhali ule niliootesha kwa kokwa miaka mingi kabla yake bado unatafakari. Nilikwenda nikitaka Hass peke yake kwa sababu ndiyo inayotajwa na wanunuzi, lakini Mama Miche alinishauri niweke Fuerte mmoja karibu nayo. Maua ya parachichi hufunguka mara mbili, mara moja yakiwa ya kike na mara nyingine yakiwa ya kiume, na saa za aina hizo mbili hupishana, hivyo mmoja hupata chavua kutoka kwa mwenziwe. Mwalimu alisema hiyo ndiyo ndoa pekee anayoijua inayofaidika kwa mume na mke kutokuwa nyumbani kwa wakati mmoja. Matunda damu na lokwati za hapo pia sina neno nazo.

Malalamiko ninayo mawili. La kwanza linamhusu kijana anayeshika zamu siku ambazo Mama Miche amekwenda sokoni. Aliniuzia miche mia moja ya sukuma wiki, nikaipanda kwa mistari, nikaipalilia, nikaitandazia nyasi. Baada ya wiki kadhaa majani ya katikati yakaanza kujikunja kuelekea ndani. Mume wangu aliyatazama akiwa na kikombe mkononi, akasema, "Mama, sukuma zako zimeona baridi, zimejifunika." Zilikuwa kabeji, zote mia moja. Ni kweli kwamba miche hiyo ikiwa midogo inafanana mno, lakini muuzaji anayeweka trei mbili jirani bila kibandiko amejitafutia kesi, na mimi nilikula kabeji hadi watoto wakaanza kutembelea mashangazi zao bila kualikwa.

La pili ni la mkarakara, na hapa lawama tuligawana. Nilinunua mche wa pasheni ya zambarau uliopandikizwa juu ya shina la ile ya manjano, jambo ambalo ni la kawaida, kwa sababu mizizi ya manjano huvumilia ugonjwa wa mnyauko unaoua ile ya zambarau. Ulitambaa kwenye ua kwa fujo, nikajisifu benchini mwaka mzima, kisha ukazaa matunda saba, ya manjano, makali kama siki. Nilipofukua shina nikakuta kovu la kupandikizia limezikwa vidole vinne chini ya udongo, sehemu ya juu imeoza zamani, na kilichonawiri ni machipukizi ya shina la chini, ambalo kwao ni nchi ya joto, wala si hapa. Aliyezika kovu ni mimi. Asiyenionya niliache juu ya udongo na kung'oa kila chipukizi linalotokeza chini yake ni kitalu. Mama Miche alilikagua shina lile nililompelekea, akasema, "Dada, hili ni letu sisi wawili," akanipa mche mwingine kwa nusu bei. Tangu siku hiyo hamwachii mtu aondoke na pasheni kabla hajaelekeza kidole kwenye kovu lake na kusema kwa sauti kwamba halitazikwa. Afande ndiye anayesimamia kiapo hicho.

Bei ni za kawaida: miche ya mboga nililipa shilingi 2 kila mmoja, parachichi 200, na unaweza kulipa kwa M-Pesa au kwa fedha taslimu. Msimu wa masika uende na gambuti, maana njia ya kuingilia huwa tope tupu. Choo hakuna. Mwenye haraka aende siku za kazi kabla ya saa tatu, na ahakikishe ni Mama Miche mwenyewe anayemhudumia. Akienda Jumamosi asije akalalamika kwamba alifuata miche kumi ya spinachi akarudi nyumbani saa nane akijua majina ya ng'ombe wote wa babu yake Mwalimu.

Jumamosi iliyopita nilizunguka nyuma ya tangi la maji kutafuta mkebe wa kunyunyizia, nikaukuta mche wa mwembe, majani sita, umepandwa kwenye mkebe wa rangi na kukingwa upepo kwa gunia. Shemeji alikuwa ameuleta kutoka Mumias magotini, safari nzima ya matatu, na mwenye kitalu aliyeapa kutouza mwembe alikuwa amekubali kuulea. Kwenye kijiti kilichochomekwa kando yake palikuwa na kibandiko, cha kwanza kusomeka vizuri katika kitalu kile chote, kwa mwandiko wa Mwalimu: MGONJWA. ASIPEWE CHAI.