Makato ya yaya: kufanya mwenyewe kwa iTax, NSSF na SHA, bila mhasibu

Kwa mwajiri wa Nairobi mwenye yaya mmoja, kumlipa mhasibu kila mwezi ashughulikie makato ni kutupa pesa. Makato ya yaya wangu nayafanya mwenyewe kwenye tovuti tatu za serikali, iTax ya kodi, NSSF ya akiba ya uzeeni na SHA ya bima ya afya, nikitumia laptopu na M-Pesa, na ningemshauri yeyote anayejua kufungua Excel afanye hivyo hivyo. Hesabu ni nyepesi. Kinachoumiza watu ni ritani, yaani taarifa ya kila mwezi unayojaza iTax: unaweza kuwa hudaiwi hata shilingi moja ya PAYE (kodi ya mapato inayokatwa kwenye mshahara) na bado ukatozwa faini ya 10,000 kwa kuchelewa kuijaza.

Tuanze na hesabu. Chukua mshahara wa 20,000 kabla ya makato. NSSF ni asilimia 6 kutoka kwake na asilimia 6 kutoka kwako, yaani 1,200 kwa 1,200. (Kuna ukomo wa juu wa mshahara unaokatwa, ambao Februari 2025 ulifika 72,000, lakini yaya wengi hawaukaribii, kwa hiyo hesabu asilimia 6 ya mshahara wote na usihangaike na mambo ya daraja la kwanza na la pili.) SHIF, mchango wa bima ya afya unaolipwa SHA na uliochukua nafasi ya NHIF tangu Oktoba 2024, ni asilimia 2.75 kutoka kwake peke yake: 550. Haishuki chini ya 300 kwa mwezi hata mshahara uwe mdogo vipi. Ushuru wa nyumba ni asilimia 1.5 kila upande: 300 kwa 300. Yaya anabaki na 17,950 mkononi, wewe unaongeza 1,500 juu ya mshahara, na jumla ya pesa unazopeleka serikalini ni 3,550.

PAYE hapo ni sifuri. Tangu mwisho wa Desemba 2024, NSSF, SHIF na ushuru wa nyumba hutolewa kwanza ndipo kodi ipigwe. 17,950 kwa asilimia 10 ni 1,795, na afueni ya kodi ya 2,400 inaimeza yote. PAYE huanza kuonekana mshahara ukipita kama 26,740. Kwa 30,000, kwa mfano, kodi ni 731.25.

Ugomvi mwingi wa mwezi wa kwanza hutokana na makubaliano ya mdomo. Yaya akikubali "elfu kumi na tano", anamaanisha 15,000 mkononi. Ukimkata humo humo, atahesabu umemwibia, na ana haki ya kukasirika. Makato yake yote ni asilimia 10.25, kwa hiyo gawanya kiasi cha mkononi kwa 0.8975: 15,000 inakuwa 16,713 kabla ya makato. Andika namba zote mbili kwenye mkataba. Linganisha pia na kima cha chini: agizo lililoanza Novemba 2024 liliweka 16,113.75 kwa yaya na wafanyakazi wa nyumbani katika Nairobi, Mombasa na Kisumu, bila kuhesabu marupurupu ya nyumba. Kama analala kwake na kuja asubuhi, ongeza asilimia 15 ya nyumba juu ya hapo. Deni analokudai, mkopo wa karo au pesa aliyochukua katikati ya mwezi, hulitoi kwenye mshahara kabla ya makato. Unalitoa mwishoni, kwenye kile cha mkononi.

Kabla ya tarehe ya kwanza ya kazi nataka vitu vitatu kutoka kwake: PIN ya KRA (mamlaka ya kodi), namba ya NSSF, na uthibitisho kwamba yuko SHA. SHA hujisajili mwenyewe kwa *147# kwenye simu yake. Angalia majina. Kitambulisho kikisema jina moja na NSSF iseme lingine, au herufi moja tu itofautiane, michango huenda isionekane kwenye akaunti yake, na kurekebisha baadaye ni safari za ofisini. Na kama mume wake tayari anakatwa SHIF kazini kwake, hilo halimwondolei yeye. Kila mwenye mshahara anakatwa wa kwake.

Upande wako, ingia iTax uongeze wajibu wa PAYE kwenye PIN yako ya kawaida. Huhitaji kampuni. Kisha jisajili kama mwajiri NSSF na SHA.

Sasa P10, fomu ya ile ritani ya PAYE, ambayo ndiyo sehemu pekee ya shughuli hii ninayoipa alama ndogo. Ni faili la Excel lenye makro, kwa hiyo halifanyi kazi kwenye simu wala Google Sheets. Pakua toleo jipya kila unapojaza, kwa sababu KRA hulibadilisha sheria ikibadilika, na toleo la zamani hukataliwa. Ukilifungua, ruhusu makro kwanza, la sivyo vitufe vyote vimekufa. Tarehe za kipindi ni siku, mwezi, mwaka. Kompyuta ikiwa imewekwa mtindo wa Marekani, mwezi ukitangulia, faili litakuambia tarehe ni batili na hutaona kosa liko wapi. Badilisha mpangilio wa tarehe kwenye kompyuta yenyewe, si kwenye seli. Safu ya aina ya mfanyakazi chagua "Primary Employee", kwani huyo ndiye anayepata afueni ya 2,400. Usisahau karatasi ya ushuru wa nyumba ndani ya faili hilo, iliyo upande wa kulia, ambayo wengi hawaifungui kwa sababu wameshaona PAYE ni sifuri. Bonyeza "Validate", litatoa faili la zip, na hilo ndilo unalopandisha iTax. Jina lake usiliguse.

Baada ya ritani, tengeneza PRN (namba ya malipo) ya ushuru wa nyumba kwenye iTax: kichwa cha kodi ni "Agency Revenue", chini yake "Housing Levy". Sehemu yake na yako huenda pamoja, 600 kwa mfano wetu. Lipa kwa Paybill 222222, namba ya akaunti ni hiyo PRN. NSSF na SHA huenda kila moja kwa tovuti yake: unapandisha orodha ya mshahara yenye mstari mmoja, unapewa namba ya malipo, unalipa. Ukishajaza orodha ya kwanza, miezi inayofuata ni kunakili tu na kubadilisha mwezi.

Tarehe 9 ya mwezi unaofuata ndiyo ya kushika. Ushuru wa nyumba una nafasi kidogo zaidi, kwani sheria inahesabu siku tisa za kazi, lakini kuweka tarehe mbili kichwani ni kujitafutia matatizo. Ukichelewa, ushuru huo huongezeka asilimia 3 kila mwezi. Ritani ya PAYE iliyochelewa hutozwa asilimia 25 ya kodi au 10,000, kiasi kilicho kikubwa.

Faini hiyo huwapata zaidi watu ambao yaya wao ameshaondoka. Wajibu wa PAYE ukishawekwa unaendelea mpaka uuondoe, na miezi isiyo na mfanyakazi bado inadai ritani ya sifuri. Anayesafiri miezi minne akiwa amemwachisha yaya anaweza kurudi na deni la 40,000 bila kuwa na kodi ya kulipa. Kama huna mpango wa kuajiri tena karibuni, omba iTax iondoe wajibu huo.

Kuna waajiri wanaokwepa NSSF kwa sababu yaya mwenyewe anasema hataki kukatwa. Hesabu yao ni mbovu. Sheria ya Ajira ya 2007 inamwondolea mwajiri malipo ya utumishi kwa mfanyakazi aliye mwanachama wa NSSF. Usipochangia, siku akiondoka baada ya miaka sita anaweza kudai malipo ya kila mwaka aliofanya kazi, na mahakama za kazi kwa kawaida huhesabu siku 15 kwa mwaka. Weka risiti zote za NSSF mahali pamoja na peislipu alizotia sahihi.

Mwaka ukiisha, mpe fomu ya P9, yenye muhtasari wa mshahara na makato yake ya mwaka. Ana PIN, kwa hiyo naye lazima ajaze ritani yake kabla ya Juni 30, na hapo saiba nyingi humjazia ya sifuri kwa haraka ilhali P10 zako zinaonyesha alikuwa na mshahara. Mwambie mapema ajaze ya mapato ya ajira kwa kutumia P9. Kodi itatoka sifuri vilevile, ila rekodi zitafanana na zako.