Kasha la washa za shaba, mpira wa dizeli na gundi ya mirija: kipi kinunuliwe lori likivuja

Lori lenye pampu ya mstari, yaani pampu ya nozeli ya kizamani inayosukuma dizeli kwa presha hadi kwenye nozeli ya kila silinda, liwe Fuso la 6D16, Canter la 4D33 au Scania ya zamani, mara chache huvuja dizeli kwa sababu ya kitu kikubwa. Kwa kawaida ni washa ya shaba (pete bapa ya kuzibia kiungo) iliyokwisha kukazwa mara nne, mpira wa kurudishia dizeli uliopasuka chini ya klipu, au bomba la presha lililopoteza kibano chake likawa linacheza na mtetemo wa injini. Vitu vya kutibu ugonjwa huu vinavyopangwa kwenye kaunta za vipuri pale Gerezani, Kariakoo, au Kirinyaga Road, Nairobi, ni vya aina mbili: vya kuweka mahali pa kilichochakaa, na vya kupaka juu ya kilichochakaa. Hapa vinapimwa vyote, na ieleweke mapema kwamba vya kupaka havikupata alama nzuri.

Tuanze na kasha la washa za shaba za mchanganyiko, lile la plastiki lenye vyumba vyumba na vipande 200 au zaidi. Hiki ndicho kinachostahili pesa kuliko vyote, lakini hesabu kwanza kabla ya kulipa. Kila bolti ya banjo, ile yenye tundu katikati la kupitishia dizeli, inataka washa mbili, moja chini ya kichwa na moja kati ya jicho la bomba na mwili wa pampu. Kwenye injini ya silinda sita utakuta banjo mbili kwenye fidi pampu (pampu ndogo inayovuta dizeli kutoka tangini), mbili kwenye filta, moja ya kuingiza dizeli kwenye pampu ya nozeli na moja ya valvu ya kurudishia. Hizo ni washa 12, na nyingi kati yake ni za bolti ya milimita 14. Kasha la bei nafuu hujaza vyumba kwa vijiwasha vya milimita 5 na 6 visivyotumika popote kwenye lori, halafu vya 14 vinakuwa kumi tu. Fungua kifuniko, uhesabu za 10, 12 na 14. Kama za 14 hazifiki 12, afadhali ununue za kupima rejareja.

Unene nao una maana. Washa ya bolti ya 14 inayofaa ina tundu la milimita 14, upana wa nje wa 18 au 20, na unene wa 1.5. Za milimita 1 zinashika kwenye uso mpya uliosawazika. Kwenye uso wenye mikwaruzo ya miaka 20 hazina nyama ya kujaza mashimo.

Halafu kuna washa za udanganyifu: chuma kilichopakwa rangi ya shaba. Pitisha sumaku juu ya kasha. Shaba haivutwi, chuma kinaruka. Au kwangua ukingo kwa tupa. Ukiona weupe chini ya wekundu, rudisha. Washa ya chuma haibonyei, kwa hiyo fundi anakaza, inavuja, anakaza tena, mpaka bolti yenye tundu katikati inakatika ndani ya pampu. Hapo gharama si ya washa tena.

Hata shaba halisi inaweza kuwa ngumu. Idondoshe juu ya sakafu ya saruji: ikilia kama sarafu, ni ngumu, ikitoa mlio mfupi uliokufa, ni laini. Ngumu inalainishwa kwa moto: ishike kwa waya, ipashe kwa gesi mpaka iwe nyekundu ya kufifia, itumbukize kwenye maji, kisha isugue magamba meusi kwa msasa laini juu ya kioo. Njia hiyo hiyo inaokoa washa ya zamani usiku ukiwa Makambako na maduka yamefungwa. Washa za alumini usizipeleke kwenye moto namna hiyo, zitayeyuka kabla hazijaonyesha wekundu wowote.

Sasa, kasha zuri halisaidii kitu kama hujajua pa kuweka washa. Dizeli ni mjanja: inatoka mbele juu, upepo wa feni unaipeleka nyuma chini, na fundi mwenye haraka anabadilisha kile kilicholowa badala ya kile kinacholowesha. Osha upande wa pampu wote kwa sabuni ya kutoa grisi, puliza kwa hewa ya kompresa, kisha paka poda ya mtoto au chaki iliyosagwa kwenye viungo. Kabla hujawasha, bonyeza pampu ya mkono iliyo juu ya fidi pampu mpaka iwe ngumu. Hapo umeipa presha njia yote kuanzia fidi pampu, filta, hadi ndani ya pampu ya nozeli, na injini imetulia, huna feni wala kelele. Poda inayogeuka kijivu kwanza, na iliyo juu kuliko nyingine, ndiyo yenye jibu. Ikibaki nyeupe kote, washa injini uangalie mabomba ya presha na mpira wa kurudishia.

Kwenye mabomba ya presha, macho tu na kipande cha boksi. Usipitishe kidole. Dizeli inayotoka kwenye ufa kwa presha ya nozeli inatoboa ngozi na kuingia mwilini, jeraha linaonekana kama mchomo wa mwiba lakini ni la kukimbizwa hospitali saa hiyo hiyo. Na kwa malori mapya ya komoni reli, yaani yale ambayo nozeli zote zinalishwa na bomba moja la pamoja, ambako presha inapita baa 1,000, usilegeze nati yoyote injini ikiwa inaunguruma. Ile desturi ya kufungua nati moja moja kutafuta silinda iliyolala imebaki kwa pampu za zamani.

Rangi ya kung'aa na tochi yake ya zambarau inauzwa kwa kazi hii hii. Unamimina kwenye tangi kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, unaendesha, halafu unamulika gizani. Palipovuja panang'aa kijani cha manjano. Inafanya kazi kweli, hasa pale dizeli inapotoka kidogo kidogo chini ya mfuniko au nyuma ya pampu pasipofikika. Kasoro zake: mchana wa jua huoni kitu, na injini isiyooshwa inang'aa kila mahali kwa sababu rangi ya mara ya kwanza haijaondoka. Kwa gereji yenye malori kumi inalipa. Mwenye lori moja, poda ya mtoto inatosha.

Mvujo mbaya zaidi haudondoshi hata tone. Kutoka tangini hadi fidi pampu dizeli inavutwa, haisukumwi, kwa hiyo kiungo kilicholegea huko kinaingiza hewa injini ikiwa inafanya kazi. Lori linawaka vizuri asubuhi, linakwenda, halafu katikati ya mlima wa Kitonga nguvu zinakwisha, na dereva analaumu nozeli. Pesa nyingi za kupima pampu zimeteketea kwa klipu moja ya tangini. Kata shauri hivi: chomoa bomba la kuvuta kwenye fidi pampu, weka mpira mfupi ndani ya dumu la dizeli safi, utoe hewa, uwashe. Tatizo likiisha, liko kati ya tangi na pampu. Kisha unganisha kipande cha mpira unaoonyesha ndani, sentimita 20 hivi, mwanzo wa njia halafu mwisho wake. Mapovu yatakuambia ni kipande kipi. Mpira huo ni wa kupimia tu. Ukiuacha, dizeli inaufanya mgumu na wa manjano, na baada ya muda unapasuka kama bomba la kalamu.

Hilo linatuleta kwenye mpira wenyewe, ambako watu wanauziwa vya ajabu. Mpira wa dizeli umeandikwa ubavuni: kipenyo cha ndani, neno la mafuta, na daraja kama SAE J30 R7 au R9. R7 inatosha njia ya kuvuta na ya kurudisha kwenye pampu ya mstari. R9 ina ukuta bora na inavumilia joto zaidi, lakini kwa njia zisizo na presha kubwa unalipia usichotumia. Usiokuwa na maandishi usiununue hata ukiwa mnene. Mpira wa rejeta ni mtego mwingine: ni wa maji ya moto, dizeli inauvimbisha, ndani unalainika na kumeguka vipande vinavyokwenda kuziba kichujio. Ukubwa nao usilazimishwe. Bomba la milimita 8 linataka mpira wa ndani milimita 8. Wa 10 uliobanwa kwa nguvu unajikunja mkunjo mmoja pembeni, na mkunjo huo ndio mlango wa hewa.

Vile vijimpira vyembamba vilivyofumwa kwa kitambaa, ndani milimita 3.2, vinavyopita nozeli hadi nozeli kwenye injini nyingi za Kijerumani, vina alama nzuri kwa bei na mbaya kwa uaminifu, maana kitambaa kinaficha ufa mpaka siku ya mwisho. Nunua mita moja na ubadilishe vyote kwa pamoja. Ukibadilisha kimoja, unavitikisa vya jirani ambavyo vimekauka, kesho vinadondosha hivyo. Kumbuka pia kizibo cha nozeli ya mwisho. Kina umri sawa na mpira. Injini zenye bomba la chuma la kurudishia juu ya nozeli zinatumia vijiwasha vidogo na vibolti vyenye tundu, vyembamba mno. Hivyo vikazwe kwa mkono mwepesi, spana fupi, bila bomba la kuongezea urefu.

Klipu: zile za mkanda wenye matundu yanayoonekana ni za mipira mikubwa. Kwenye mpira wa milimita 8 matundu yanakata ngozi ya mpira na kubana kiduara cha yai. Chagua za mkanda usio na matundu zenye bolti na nati ndogo. Ni ghali kidogo, na ni pesa iliyokaa mahali pake. Klipu ikae nyuma ya uvimbe wa bomba, si juu yake.

Tepu nyeupe ya mabomba ya maji haina kazi kwenye banjo wala kwenye nati za presha. Kinachoziba pale ni uso kwa uso, si meno ya nati, na uzi wa tepu ukikatika unasafiri hadi kwenye nozeli. Silikoni ya gasketi ndiyo iliyopata alama ya chini kuliko zote: dizeli inailainisha, inang'oka kama ngozi ya maziwa, na fundi atakayekuja baadaye anatumia saa nzima kuikwangua. Bomba la presha lililopasuka halichomelewi kwa shaba wala halifungwi kwa gundi. Linabadilishwa, na kibano chake kinarudishwa, la sivyo jipya litapasuka pale pale. Nati yake ikitoa jasho, usiongeze nguvu tu. Ilegeze, nyoosha bomba likae lenyewe kwenye kiti bila kulazimishwa, kisha kaza. Kwa nati hizi na kwa banjo ya milimita 14, vitabu vingi vya injini hutaja nguvu ya kukaza ya karibu Nm 25 hadi 30, kiasi ambacho wengi hukipita bila kujua. Angalia cha injini yako.

Sehemu mbili usiziguse na kasha lako. Ya kwanza ni chini ya vishikio vya valvu juu ya pampu ya nozeli, pale mabomba ya presha yanapoanzia. Pakivuja, ni oringi (pete ya mpira) ya ndani, na akikaza mtu asiye na kipimo, silinda ya pampu inapindika, reki, fimbo inayopima dizeli ya kila silinda, inakwama, na injini inaweza kupaa mzunguko isizimike. Peleka kwa fundi wa pampu. Ya pili ni bolti ya valvu ya kurudishia. Inafanana na banjo nyingine lakini ina springi na kipira ndani. Ukizibadilishana wakati wa kuweka washa, lori halitavuja tena, ila halitapanda mlima.

Na kuna mvujo unaopandisha kiwango cha oili. Dipstiki ikionyesha oili imeongezeka na inanuka dizeli, hakuna washa ya nje itakayosaidia. Dizeli inapita ndani, kwenye fimbo ya fidi pampu au kwenye pampu yenyewe. Simamisha lori, maana oili iliyozimuliwa inakula beringi.

Ukimaliza, toa hewa kwa skrubu ya filta kwanza, kisha ya pampu, ukibonyeza pampu ya mkono mpaka dizeli itoke bila povu. Stata usiishike zaidi ya sekunde 15 kwa mkupuo. Baada ya kilomita 50 hivi, pitia mpira na klipu tena, maana mpira mpya hukaa. Banjo za shaba ziangalie kwa macho, usizikaze kama hazina jasho.

Kwa tangi lenye ufa mdogo, kati ya gundi ya chuma ya mirija miwili na kipande cha sabuni ya mche, barabarani sabuni inashinda. Gundi inataka uso mkavu uliosuguliwa, jambo lisilowezekana tangi likiwa linadondosha. Sabuni unaisugua kwenye ufa huku dizeli inatoka, inashikana, na dizeli haiyeyushi sabuni, ingawa mvua itaiosha. Ukifika gereji, tangi lishushwe, lioshwe na kufukuzwa mvuke kabla ya kuchomelewa. Gundi ya mirija ipate nafasi yake hapo tu, tangi likiwa tupu na kavu, na mwenye gereji hana mashine ya kuchomelea alumini.