Kidani cha kichwa cha Kifoinike: miezi minne ya kukivaa

Kabla ya kununua hiki cha kuiga nilikuwa nimekiona cha kale chenyewe kwenye jumba la makumbusho la Louvre, Paris: kichwa cha kioo cha mwanamume mwenye ndevu, kilichopatikana Karthago, mji wa kale ulio Tunisia ya leo, cha karne ya 4 au ya 3 KK. Ni kidogo, unaweza kukifumbata. Lakini yale macho! Meupe, yametolewa kama ya mtu aliyekufumania jikoni usiku wa manane. Wafoinike, wale wa Tiro na Sidoni, na ndugu zao wa Karthago walivivaa kama hirizi, ili jicho la hasidi likutane na jicho kubwa kuliko lake. Marehemu bibi yangu asingehitaji kuelezwa.

Nilichonunua mtandaoni kimetengenezwa na fundi wa siku hizi, na alisema wazi kwamba ni kipya. Hilo nililipenda, maana wapo wanaouza vya juzi kwa jina la vya kale. Njia aliyofuata ni ileile: fimbo ya chuma hupakwa udongo, kioo kilichoyeyuka huzungushiwa juu yake, halafu nyusi, midomo na ndevu hubandikwa kidogo kidogo kwa kioo cha rangi kingali moto. Kupuliza kioo kulikuja baadaye, karne ya 1 KK. Fimbo ikichomolewa linabaki tundu. Langu lilikuja na vumbi la kijivu ndani. Usiogope, ni ule udongo. Sugua kwa mswaki wa zamani.

Rangi sina la kusema: buluu iliyoiva, manjano ya ndevu haijachuja. Visokoto vya ndevu vimekaa kimoja kimoja, unavihesabu kwa kidole.

Tatizo ni kitanzi cha juu. Wiki ya tatu kilifanya ufa, na sikukigonga popote. Kioo kikipozwa haraka hubaki na mkazo ndani, kisha hupasuka chenyewe siku kisipotarajiwa. Muuzaji alinijibu baada ya siku tisa, akanirudishia nusu ya pesa. Nusu! Kwa hiyo kabla hujalipa, muulize kimepozwa taratibu ndani ya tanuri au kimeachwa tu mezani.

Kingine, ni kizito kwa mkufu mwembamba. Tumia kamba ya ngozi.

Changu sasa kimetundikwa kwa uzi ukutani, kinatazama mlango. Wifi yangu akija hugeuza kiti.