Tochi tatu za mfukoni kwenye mawe ya Goma

Namba kubwa ya kwenye boksi haikusaidii kitu ukiwa unapita mtaa wa Majengo usiku na umeme umekatika. Kinachosaidia ni namna tochi inavyoutawanya mwanga wake, na hapo ndipo hizi tatu ninazotumia zinapoachana.

Kuna ile ya kuvuta kichwa, ambayo kwenye maduka ya Birere utaikuta kila kona. Jina haina, ila boksi linadai maelfu ya lumeni (kipimo cha mwanga wote unaotoka) kutoka kwa betri tatu ndogo za AAA (nani kazihesabu?). Ivute, iangazie ukutani: unapata mraba mweupe wenye kingo kali, na ndani yake vistari vya taa yenyewe, kwa sababu lenzi inarusha picha ya LED kama ilivyo. Nje ya mraba, giza tupu. Mdogo wangu anaisifu kwa kuwa inafika mpaka paa la jirani. Sawa, lakini kwenye mawe ya volkano jiwe la mbele unaliona, mguu wako huuoni. Ukirudisha kichwa mraba unageuka duara pana, na mwanga unafifia wote kwa pamoja.

Olight i3T inatumia AAA moja tu: lumeni 180 ikiwa juu, 5 ikiwa chini. Lenzi yake inatoa mwanga laini, mpana katikati, unaopungua polepole kuelekea kando bila ukingo. Wameandika mita 60. Mjue lakini kwamba kwa ANSI FL1, kanuni ya kupima tochi ambayo kampuni nyingi huifuata, umbali unahesabiwa hadi pale mwanga unaoangukia kitu unapobaki lux 0.25, karibu sawa na wa mbalamwezi. Hapo utajua kuna mtu, hutajua ni nani. Na ili tochi ifike mara mbili ya hapo, nguvu ya katikati lazima iongezeke mara nne, si mara mbili. Mimi umbali wa kwenye boksi huwa naugawa kwa tatu.

Lumeni 5 zile ndizo ninazowasha kuliko zote. Mteja akinilipa dolari jioni, lazima niigeuze noti pande zote, maana ikiwa na mchaniko mdogo tu pembeni, kesho hakuna atakayeipokea. Ile ya kuvuta inang'arisha karatasi hadi unafumba macho. Hii unaishika karibu kabisa na noti, unaona hata mkunjo uliopigwa pasi.

Ya tatu ni Convoy S2+, nene kidogo, yenye betri ya 18650, ile ya lithiamu ya kuchaji, kubwa kuliko AAA. Yangu ina kioo cha ndani chenye vijipele kama ganda la chungwa, kwa hiyo mwanga wa katikati una nguvu lakini kingo zake zimelainika, na kandokando kuna mwanga mwingine hafifu, mpana. Huo wa kando ndio niliolipia. Ukutani kwenye chokaa nyeupe tochi zote zinapendeza. Peleka kwenye ua wa mawe meusi uone jinsi jiwe linavyoumeza mwanga. Kwa S2+ bado naona mwisho wa avenyu, mitaro ya pande zote mbili na viatu vyangu kwa mara moja. Nilichagua rangi ya 4000K, ya umanjano kidogo, na tope linatofautika na jiwe lililolowa. Motari (dereva wa pikipiki) asiye na taa ananiona mapema, hilo nalo si dogo.

Kasoro ni kwamba haiingii vizuri kwenye mfuko wa shati, na yangu haina tundu la chaji, unahitaji chaja ya pembeni. Betri za 18650 mafundi wa kompyuta wanazitoa kwenye laputopu zilizokufa na kuziuza bei ndogo, ila mwambie akupimie volti mbele yako. Ikisoma chini ya 2.5 mwachie mwenyewe.