Kontrola ya sola: ipi ya kununua, ipi ya kuacha

Wengi wakifika dukani kununua kontrola, kifaa kinachokaa kati ya paneli na betri na kudhibiti chaji, huuliza swali moja: ni ya ampea ngapi? Ampea zina umuhimu wake, ila mimi hutazama kwanza jinsi kontrola inavyopima paneli na betri. Kwa kigezo hicho, mpangilio wangu ni huu.

Ya kwanza ni MPPT ya kweli, yaani kontrola inayotafuta volti ambazo paneli hutoa wati nyingi zaidi, yenye kihisi joto cha waya kinachobandikwa kwenye betri. Hupima volti na ampea za paneli, huzidisha kupata wati, kisha husogeza volti kidogo na kuangalia kama wati zimepanda au zimeshuka. Faida yake utaiona kwenye paneli kubwa. Paneli ya wati 250 yenye seli 60 hutoa karibu volti 31 na ampea 8. Ukiifungia PWM (kontrola rahisi inayounganisha paneli na betri moja kwa moja, ikiwasha na kuzima haraka) kwenye betri ya volti 12, volti za paneli huburutwa hadi kwenye za betri, tuseme 13. Unabaki na wati 104! Zaidi ya nusu ya paneli uliyolipia imekaa bure juu ya bati. MPPT hushusha volti na kupandisha ampea, hivyo wati nyingi hufika kwenye betri. Soma kikomo cha volti za paneli: bila mzigo paneli hiyo hufika volti 38 hivi, kwa hiyo tatu kwa mfululizo zitaiunguza kontrola ya volti 100.

Ya pili ni PWM inayokuruhusu kuchagua aina ya betri. Kwa paneli ya seli 36, wati 50 au 100, taa na kuchaji simu, inatosha kabisa. MPPT hapo ni anasa. Aina ya betri ina maana kwa sababu ya joto: betri ya risasi ikiwa kwenye chumba cha nyuzi 35, volti 14.4 za kujazia zinapaswa kushuka hadi kama 14.1, la sivyo inachemka na kukauka maji. Lithiamu haihitaji marekebisho hayo.

Ya mwisho, hata ukipewa kwa bei ya kutupa, ni ile iliyoandikwa MPPT nje na ndani ni PWM. Huwa nyepesi, kwa kuwa haina koili nzito ya shaba. Ukiwa na paneli kubwa na betri haijajaa, pima ampea upande wa paneli na upande wa betri wakati wa jua kali. Zikilingana, irudishe dukani.

Yoyote utakayochukua, unganisha betri kwanza, paneli baadaye, na inveta iende moja kwa moja kwenye betri.