Kisensa cha msuli: kuvuta sauti sawa, ngoma usijisumbue

Mi hupiga kinanda kwa maharusi hapa Mombasa na shida yangu ni moja tu, mikono yote miwili ina kazi na bado nataka sauti inyongwe kidogo vile mpiga fidla wa taarab anavyoivuta. Ndo nikaagiza hiki kidude kinachosoma msuli ukikaza.

Ni stika tatu, zile zile wanazokubandika kifuani ukienda kupimwa moyo. Mbili katikati ya msuli, ya tatu kwa mfupa. Msuli ukikaza hutoa umeme mdogo mno, milivolti chache tu, kidude kinaukuza, Arduino yangu, kikompyuta kidogo hivi, inausoma kama namba 0 hadi 1023, naipunguza iwe 0 hadi 127 ya MIDI, ile lugha ya vinanda vya umeme, basi. Wala si jambo jipya, mwanamuziki Atau Tanaka alikuwa akipiga muziki kwa misuli na mtambo wa BioMuse tangu miaka ya tisini.

Kwanza nilibandika mkononi, kosa kubwa, kila nikibonyeza kinanda namba zapanda zenyewe, kumbe misuli inayovuta vidole iko huku kwenye kigasha! Nikahamia shavu la mguu, stika ya tatu kwa muundi. Hapo sasa nikakaza polepole sauti ikapanda, nikalegeza ikashuka, mamangu jikoni akauliza nani huyo analia. Wallahi nilicheka.

Lakini ngoma sahau. Nimejaribu chakacha, pigo lafika limechelewa kwa sababu kidude hulainisha mawimbi kwanza ndo kitoe namba, na wewe ushafika pigo la pili.

Alafu joto letu hili jamani. Nyimbo tatu tu stika zateleza kwa jasho, mguu umetulia na namba iko 600. Sai nanyoa, nafuta na spiriti, nafunga bandeji juu. Na laptop uliyounganisha usiichomeke chaja, stima yetu hutetema mara 50 kwa sekunde (hezi 50) na msuli nao unaongea humo humo, namba zitacheza zenyewe. Tumia betri, na ni usalama pia, umejifunga nyaya mwilini bwana.

Muuzaji simtaji ila alinipa stika sita, yaani mara mbili kwisha, na gundi ikishashika vinyweleo hairudiwi.

Nyota tatu na nusu. Ijumaa nina harusi Likoni, naenda nacho, nshawaambia feni iwe upande wangu.